Karata za Aliyeketi

Kiti cha wateja kilikuwa kimeshuka.

Msusi alikiona aliporudi kutoka uani na ndoo ya maji. Kilikuwa kiti cha zamani, cha kukanyaga: ukikanyaga chuma chake cha chini kilipanda, na mtu akikikalia kilishuka taratibu, kikitoa pumzi ndefu kama ya mzee anayevua viatu. Yeye alikuwa amekiacha juu. Mteja wa mwisho alishaondoka, na mlango wa saluni, ambayo ndiyo ilikuwa sebule ya nyumba hiyo, ulikuwa umefungwa kwa komeo.

“Wifi, ulikuja kukaa huku?”

“Nikae huko aniinue nani?” alijibu wifi yake kutoka chumbani. “Mimi siku hizi nikikaa nahitaji winchi.”

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mimba yake ilikuwa imekomaa, mwenzi wake yuko safarini akiendesha malori, na alikuwa amekuja kusubiri uzazi katika nyumba ya kaka yake, ingawa kaka hakuwepo tena. Msusi hakujaliwa mtoto. Hakulizungumza jambo hilo, ila alikuwa amelipaka rangi upya kabati la marehemu na kuzikunja ndani yake nguo ndogondogo za mtoto. Katika dunia nzima, mtoto huyo ndiye pekee aliyekuwa anakuja na damu ya mumewe.

Alikipandisha kiti, akarudi kwenye karata zake.

Zilikuwa taroti, karata za picha ambazo mtu huzitandaza mezani na kusoma ndani yake mambo ya anayeuliza. Alifundishwa na mteja wake, muuza maua ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maua. Mama huyo aliinamisha kichwa asukwe, na huku akisukwa alifundisha kwa mdomo, maana mikono ya mwanafunzi ilikuwa nyweleni. Mnara ni kitu kinachobomoka. Kifo si lazima kiwe maiti. Ni kitu kinachofika mwisho. Karata ikitoka kichwa chini, nguvu yake inageuka. Na picha peke yake haisemi, husema kwa mahali ilipoangukia: kushoto yaliyopita, katikati yaliyopo, kulia yajayo.

“Sasa Mama Maua, Kifo kikitoka nimwambie nini mteja? Si atakimbia na nywele nusu?”

“Maliza kusuka kwanza, mwanangu. Kisha ndiyo umuue.”

Walicheka mpaka kitana kikaanguka. Tangu msiba, msusi alikuwa hajacheka vile, na pengine hiyo ndiyo sababu alizipenda karata kuliko alivyoziamini.

Lakini Mama Maua alikuja kusukwa mara chache, na mwanafunzi alikuwa na haraka. Mchana usipokuwa na wateja, alivuta meza ndogo mbele ya kile kiti na kujizoeza peke yake, kama mwalimu mpya anavyojizoeza mbele ya madawati matupu. “Karibu,” alikiambia kiti. “Una swali gani?” Kisha alichanganya, akatandaza karata tatu, na kusoma kwa sauti.

Siku kiti kiliposhuka, karata zilizotoka zilikuwa Malkia wa Vikombe, ambaye amekumbatia kikombe chenye kifuniko, kisha Jua, karata yenye mtoto mchanga juu ya farasi, ikiwa kichwa chini, kisha Kifo. Siku ya pili zikatoka hizohizo, kwa mpangilio uleule. Alizichanganya kwa nguvu, akazimwaga sakafuni, akazikusanya bila kuangalia, akatandaza. Malkia. Jua, mtoto akining'inia. Kifo.

Hakuzisoma kwa sauti, siku hiyo wala ile ya kwanza. Alichukua ufagio ili mikono yake ipate la kufanya, na chini ya kiti akafagia nywele asizozijua. Alizijua nywele za wateja wake wote, za asili na za dukani. Hizi zilikuwa ndefu, ngumu, nyekundu kama kutu, mithili ya mkia wa mnyama, na zilikuwa na joto. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na pasi ya nywele ilikuwa kabatini, baridi.

“Unachoma nini huko?” wifi yake aliuliza. “Harufu inanikaba.”

“Sichomi kitu.”

“Basi mwambie huyo anayechoma aache. Na huyu wa tumboni naye leo kanuna, hata kunigeukia hataki.”

Msusi aliufunga mdomo wa mfuko wa taka, akaubana kwa goti.

Asubuhi yake walikwenda zahanati. Mkunga aliweka chombo chake tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. “Mapigo yapo,” alisema. “Ila yako mbali. Jioni mtoto akiwa bado hachezi, mje haraka, msisubiri kuche.”

Msusi alimrudisha wifi yake nyumbani, akamlaza, na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha maua. Alieleza yote kwa kunong'ona huku wanunuzi wakipita. Mama Maua aliacha kukata vijiti.

“Ulikuwa unamtandazia nani?”

“Hakuna mtu. Nilikuwa najifunza.”

“Na kiti kilikuwa mbele yako? Ukakikaribisha?”

“Nilikikaribisha. Nikakiuliza swali lake.”

“Ee mwanangu.” Mama Maua alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. “Hata ukijifunza, unataja jina la mtu. Lako, langu, la yeyote mwenye jina. Hatutandazi kwa asiye na jina. Ukisema karibu bila jina, umemkaribisha aliyekuwa karibu zaidi.”

“Ni nani?”

“Jini. Ungetaka niseme mgeni? Amekaa, ameuliza swali lake, na wewe hukulisikia, umeona majibu tu. Hebu yasome majibu, utajua ameuliza nini.”

Msusi hakuhitaji kuyasoma. Mwanamke aliyekumbatia kitu kilichofunikwa. Mtoto aliyeinama kichwa chini, kama watoto wanavyokaa wakikaribia kuzaliwa. Na mwisho. Jini lilikuwa limeuliza kama litampata.

“Usiyatamke,” Mama Maua alinong'ona. “Lenyewe haliwezi kusema karata ina maana gani, linamngoja msomaji. Ukisema kwa mdomo wako kwamba mtoto anakufa, umempa jini mtoto huyo. Fungeni nyumba, mhame leo hii.”

“Nihame?” Msusi aliinuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda, wanunuzi wakageuka. “Nyumba ile tumejenga mimi na mume wangu, tofali kwa tofali. Mauti yalipokuja kumchukua sikuulizwa. Safari hii nimeulizwa, na jibu langu ni hapana. Twende ukamtoe.”

“Mimi nauza maua, mama. Mimi siyo mganga.” Aliinama akaanza tena kukata vijiti.

“Basi nijibu moja tu, niende. Mtu akija kukuuliza habari za jirani yake, karata zikitoka, zinakuwa za jirani au zake?”

“Zake. Siku zote karata ni za aliyeketi. Jirani anaonekana kwa jicho lake tu.”

Msusi alimshukuru, akaondoka kabla mvua haijaanza.

Mvua ilimkuta mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, mchana umekuwa mweusi kama kaniki, na ndani ya saluni draya, lile kofia kubwa la kukaushia nywele, lilikuwa linavuma ingawa waya wake ulikuwa umezungushwa kwenye ndoano, haujachomekwa popote. Wifi yake alisimama kwenye mlango wa chumba, mikono miwili chini ya tumbo.

“Wifi,” alinong'ona, “hajacheza kabisa. Na kuna mtu humu.”

“Najua. Shika ukuta, usikae popote.”

“Unafanya nini? Wifi, twende zahanati.”

“Tutakwenda. Huyu hatatuachia mlango mpaka nimsomee.”

Alivuta meza. Kiti kilitoa pumzi yake ndefu na kuanza kushuka, kikashuka kupita pale kilipozoea kukoma, mpaka chuma kikalia juu ya chuma. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa hadi machozi yakatoka. Ndani ya mvumo wa draya kulikuwa na neno, na neno hilo lilijirudia kwa subira ya mtu aliyezoea kungojwa na wengine na sasa amechoka kungoja.

*Nisomee.*

Alichanganya karata. Mikono iliyosuka vichwa vya mtaa mzima ilizitandaza moja moja. Malkia wa Vikombe. Jua, mtoto kichwa chini. Kifo.

*Nisomee. Mtoto ana nini?*

Akafungua mdomo, na kabla hajasema, mvumo ukabadilika, ukawa mpole, ukakohoa mara moja kikohozi kifupi cha mtu anayeingia nyumbani jioni akiogopa kuamsha watu, kikohozi ambacho alikuwa amekisikia miaka yote ya ndoa yake na ambacho tangu msiba alikuwa anakisikiliza bila kutaka kila komeo lilipogusika, na sauti ya mumewe, yenyewe hasa, pamoja na ule mkwaruzo wake wa mwisho wa hospitali, ikamwambia: *Msusi wangu, sema tu ilivyo, mtoto anakuja kwangu, nami nitarudi nikae na wewe hapa.*

Nyuma yake wifi alilia, “Kaka!”

Msusi aliziangalia karata mpaka picha zikarudi kuwa picha. Hakuna siku katika uhai wake ambayo hakutaka kuisikia sauti ile. Aliisikiliza kikamilifu, kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole.

“Umejifunza vizuri,” alisema. “Umekosea adabu tu. Mume wangu asingeniomba kwa upole hivyo. Angeniambia niondoe takataka zangu mezani apate kuweka sahani. Na mtoto wa dada yake asingemgusa, angekubali kwanza kufa mara ya pili. Basi kaa vizuri, nikusomee.”

Akaweka kidole juu ya karata ya kwanza.

“Malkia amekumbatia kikombe kilichofunikwa. Haya ni yaliyopita: ulikuja kwangu kwa kiu, ukaona kikombe kisicho chako, na kifuniko hakikufunguka. Hukunywa.”

*Si mimi huyo. Ni yeye.*

“Yeye hakuuliza kitu, yuko pale ameshika ukuta. Aliyeketi ni wewe. Karata ni za aliyeketi.” Kidole kikahama. “Jua, kichwa chini. Yaliyopo: mchana umekukataa, joto lako linakwisha, unamwaga nywele sakafuni kwangu kama mbwa mwenye ukurutu.”

Kioo cha ukutani kilipasuka kutoka juu mpaka chini, chupa za mafuta zikadondoka rafuni moja baada ya nyingine, na draya likanguruma kwa lugha ambayo haikuwa ya mtu, likipanda, likisukuma hewa ya moto usoni mwake hadi nyusi zake zikajikunja, na wifi yake akapiga kelele kwamba aliache jini hilo, watoke, lakini msusi aliinama mbele zaidi, ndani ya joto lile, akaikamata karata ya tatu na kuinyanyua mbele ya kiti, mahali ambapo uso ungekuwepo.

“Na hiki ni Kifo,” alisema. “Yajayo. Uliniomba nikusomee, nami ni msomaji, nayatamka kwa mdomo wangu: umefika mwisho wako katika nyumba hii. Hukupata mtu. Inuka kwenye kiti changu!”

Komeo lilikatika. Mlango ulifunguka kwa nje, kitu kikapita katikati yao na kutoka kwenye mvua, na matope ya uani yakachimbika alama za miguu isiyokuwa na vidole. Draya lilinyamaza.

Kwa muda walisikia mvua tu. Halafu, kwa mbali, kitu kilianza kuizunguka nyumba, kikikwaruza ukuta kwa nje, kidogokidogo, kikitafuta.

“Hakijaenda,” wifi alinong'ona.

“Kimetoka. Kuzunguka kizunguke kitakavyo.” Msusi alichukua khanga mbili na mwavuli. “Jifunike, twende kwa mkunga.”

Wifi hakusogea. Alikuwa ameinama, macho yamemtoka, mkono mmoja umeshika ubavu.

“Nini? Wifi, nini?”

“Amenipiga teke!” alisema, akilia na kucheka. “La mbavu! Mtoto gani huyu hana adabu, mjomba wake mtupu!”

Mkwaruzo ukutani ulikoma, kama kitu kinachosikiliza.

Msusi aliweka kiganja juu ya tumbo lile, akautazama mlango uliokuwa wazi.

“Mwambie apige tena,” alisema kwa sauti. “Wa nje wasikie.”