Lorna na Bahasha za Kahawia

Jiko la Lorna Tweddle lilikuwa jeupe pe. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa, hata kama halikuchafuka. Acha alipende! Yeye na familia yake walipopewa nyumba ya kupanga ya halmashauri mjini Sunderland, waliikuta tupu kabisa. Hakuna jiko, hakuna zulia. Hata balbu zilikuwa zimeng'olewa. Wiki tatu walikula chipsi za dukani, wamekaa juu ya saruji.

Kisha serikali ikawakopesha pauni mia saba. Wakanunua jiko, vitanda, na zulia la chumba cha Jodie, binti yao wa miaka saba.

"Mungu ambariki aliyebuni mkopo huu," alisema Lorna siku alipopika nyama ya kusaga kwa mara ya kwanza.

"Na ambariki mpishi," akasema Norman, mumewe, akisogeza sahani ili aongezwe. Norman aliumia mgongo kazini na hakuweza tena kubeba mizigo. Waliishi kwa posho ya serikali, iliyoingia benki kila baada ya wiki mbili.

Lakini mkopo ni mkopo. Serikali haikungoja kuletewa pesa zake. Ilikata juu kwa juu, pauni ishirini na nne kila posho ilipoingia. Wakati wa joto walijibanabana wakamudu. Novemba ilipofika, mambo yakaharibika.

Gesi ya kupasha nyumba joto ililipiwa kabla, kwa kadi ya mita. Kadi ikiisha, baridi inaingia. Jodie alikuwa na pumu. Nyumba ikipoa, kifua chake kinabana. Wiki ile alikuwa amekohoa siku nne mfululizo, na kwenye mita zilibaki senti tu. Posho ilikuwa bado siku sita.

Basi Alhamisi mchana akaja Paula. Paula alikuwa mwanamke wa mikopo ya mlangoni, akikopesha pesa nyumba kwa nyumba. Alijua majina ya watoto wote wa mtaa, na alikunywa chai kwa kila mtu. Aliweka karatasi mezani.

"Pauni mia mbili, kipenzi. Leo hii hii. Unanirudishia saba tu kwa wiki. Weka sahihi hapa."

Lorna alimsikia Jodie akikohoa chumbani. Akachukua kalamu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Alikuwa jirani yao, Bi Hilda Ramshaw, amekuja kurudisha bakuli. Hakupiga hodi. Mtaa ule mlango wa nyuma haupigiwi hodi. Bi Hilda alikuwa mama mstaafu. Kila Jumanne aliketi kwenye ukumbi wa kanisa, akiwasaidia watu kuelewa barua na madeni yao.

"Paula! Bado unauza hela?"

"Nasaidia watu, Hilda."

"Unawasaidia kama kupe anavyomsaidia ng'ombe. Lorna, saba kwa wiki, kwa wiki ngapi?"

Lorna alitazama karatasi. "Hamsini na mbili."

"Zidisha."

Lorna akahesabu, midomo ikicheza. Akarudia tena. "Mia tatu sitini na nne! Nakopa mia mbili, nalipa mia tatu sitini na nne?"

"Mtoto anaumwa, Hilda," akasema Paula. "Wewe utamlipia gesi?"

"Leo, ndiyo. Na wewe malizia chai yako, usije ukaondoka na kiu."

Paula hakuimalizia. Alikusanya karatasi zake akatoka kwa mlango wa mbele.

Bi Hilda akavuta kiti. "Haya, mwanangu. Nini kimekufikisha hapa?"

Lorna akamweleza habari ya makato.

"Na barua za serikali zinasemaje?"

Lorna akaiva uso kwa aibu. Aliinuka, akafungua kopo kubwa la mkate. Mkate haukuwamo. Zilikuwamo bahasha za kahawia kumi na moja za serikali, na hata moja haikuwa imefunguliwa.

"Yesu wangu! Lorna!"

"Bahasha ya kahawia imewahi kuleta habari njema mtaani kwetu? Mama yangu alikuwa anazificha nyuma ya saa. Na wewe usijifanye, hata wewe ulikuwa unazichoma!"

Bi Hilda akacheka mpaka akajifuta macho. "Nilichoma moja. Ilinigharimu. Tangu siku ile nafungua zote. Leta kisu."

Walizifungua moja moja. Nyingi zilikuwa za kawaida tu. Ya nne ndiyo iliyoeleza mkopo. Bi Hilda akaisoma kwa sauti: ukishindwa kumudu makato, piga simu namba hii.

"Mimi nipige?" Lorna akashtuka. "Wakijua nimeshindwa, si watakuja kulichukua jiko?"

"Jiko ni lako. Sasa nisikilize. Mkopo huu hauna riba. Unaelewa? Ukilipa polepole, hauongezeki hata senti moja. Deni ni lile lile, ila unapata kupumua. Si lazima wakubali, lakini waombe. Andika hapa: pesa inayoingia, kodi, gesi, chakula, dawa ya Jodie. Usipunguze wala usiongeze."

Lorna akapiga, na simu ikacheza muziki dakika arobaini. Norman, aliyekuja kusikiliza, akasema muziki ule ndio unaowafanya watu walipe. Hatimaye mwanamke mmoja akapokea. Lorna alisoma karatasi yake. Alipofika kwenye pumu ya mtoto, mwanamke yule akamwambia asubiri kidogo.

"Bi Tweddle? Tutakata pauni kumi na mbili badala ya ishirini na nne. Utachukua muda mrefu zaidi kumaliza. Utaweza?"

"Nitaweza! Asante. Asante sana, mama."

Alikata simu akalia. Bi Hilda alikuwa ameshatoka na kadi ya mita, kwenda kuijaza dukani kwa pesa zake mwenyewe. Jioni ile nyumba ilikuwa na joto, na Jodie alilala bila kukohoa. Lorna alimrudishia Bi Hilda pesa zake posho ilipoingia.

Tangu hapo kila bahasha ya kahawia ilifunguliwa mlangoni, Lorna akiwa bado amevaa koti. Makato yaliendelea, pauni kumi na mbili, kumi na mbili, mwaka na nusu. Jodie hakukosa joto tena.

Kisha asubuhi moja Lorna alitazama akaunti yake akashtuka. Pesa zilizoingia zilizidi zile za kawaida. Akapiga simu serikalini haraka.

"Nisameheni," alisema. "Mmenizidishia posho. Sijagusa hata senti. Niambieni nirudishe vipi."

Mtu wa upande wa pili alibofya kompyuta, akabofya tena.

"Hatujakuzidishia, Bi Tweddle. Hiyo ndiyo posho yako kamili. Mkopo umekwisha."

Lorna akashika ukingo wa meza.

"Subiri, kipenzi," alisema. "Tafadhali sema tena. Ngoja nimwite mume wangu asikie."