Uzito wa Dada Mtu

Benchi ndilo lililowakutanisha, na benchi hilohilo nusura liwatenganishe moja kwa moja, kwa hiyo ni haki tuanze nalo, kwa heshima zote.

Lilikuwa benchi la jimu, jeusi, limechanika ubavuni, na lilikaa chini ya ardhi, chini ya duka la magodoro. Aliyeshuka ngazi zile alipokewa na harufu ya mpira, kutu na jasho la watu wengine. Taa ya katikati ilikuwa na ugonjwa wa kupepesa. Saa za kutoka kazini chumba kilijaa kama bwalo la shule kengele ya chakula ikilia, na jioni moja, katikati ya msukosuko huo, fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, tepu shingoni na pini mdomoni, akipima ngozi mpya ya kulivisha benchi. Alikuwa mwembamba hata mtaa mzima ukamwita Sindano, na shati lake la mikunjo, alilojishonea mwenyewe, lilikuwa na mwili kumliko yeye.

“Fundi, unapima benchi au jeneza?” sauti ikauliza juu ya kichwa chake.

Akainua macho, nusura ameze pini. Alikuwa dada mmoja mwenye suruali ya buluu ya hospitali, raba nyeupe na kilemba cha zambarau, amesimama mikono kiunoni akisubiri zamu yake.

“Benchi, dada. Jeneza huwa nashona kitambaa cha ndani tu.”

“Afadhali. Maana kazi yangu ni kupiga eksirei, na mifupa yako wewe naiona bila mashine.”

Jimu nzima ikacheka. Mwenye jimu, kaka yake yule dada, alicheka hadi bega lake la kushoto likatikisika, bega lililoshuka chini kama koti lililotundikwa vibaya. Sindano alichomwa mahali panapouma kwa utamu. Alimaliza kushona, akaupiga uzi fundo mara mbili kama ilivyo kawaida yake, akaomba kuandikishwa palepale.

Mwanzo ulikuwa wa asali. Mwili mgeni kwa vyuma hauna kiburi. Kila juma Sindano alijilaza benchini, akasukuma, na chuma kikakubali kubeba sahani nyingine ya uzito. Mashati yakaanza kumbana, akawa anafumua mishono yake mwenyewe huku akipiga mluzi. Simu nazo zikaanza. Asubuhi yule dada mpiga picha za mifupa alimwuliza kama mifupa imeamka salama, naye akamjibu kwamba imeamka ila inamwulizia daktari wake. “Mimi si daktari, laazizi,” alisema. “Mimi naonyesha tu palipovunjika.” Alisema kwa kicheko, na Sindano alicheka naye, lakini maneno yale yalimkaa mgongoni kama unyevu.

Kaka mtu aliwafundisha wageni wote sheria mbili, na hapo hakuwa na utani. Usijilaze chini ya chuma bila mtu wa kusimama kichwani pako. Na ikitokea uko peke yako, usifunge vibano vinavyozishika sahani kwenye ncha za chuma, ili ukikwama uinamishe upande mmoja, sahani ziteleze chini, upone. Akisema hivyo alilishika bega lake lililoshuka. Hakuna aliyeuliza.

Utani wake aliuweka kwingine. Siku Sindano alipojisahau akamwita shemeji, alimtazama kuanzia unyayo hadi nywele, akamwambia ushemeji una bei yake: dada yake ana kilo sitini, na siku atakapoziinua kifuani peke yake, ndipo wazungumze habari za posa. Watu wakacheka, dada mtu akacheka kuliko wote. Wawili tu hawakucheka mle ndani: Sindano na kile chuma.

Kwa sababu kwenye kilo hamsini na tano, chuma kiligoma.

Hakikugoma kwa kelele. Kilishuka kifuani vizuri, kikatulia, kisha hakikutaka kuondoka. Juma lililofuata vilevile, na la baadaye vilevile. Sindano alianza kukiota. Hata akiwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, alihisi kimelala kifuani kikimsikiliza anavyopumua. Na kioo cha jimu, kilichokuwa na ufa mmoja wa zamani, kilimwonyesha mtu aliyekatwa katikati ya kifua.

Mpenzi wake hakuona kioja. Alimweleza kwamba amegota, na kila anayeanza hugota. Kwamba mwili hujengeka ukipumzika, hauwezi kujengeka ukichapwa kila siku. Apumzike juma zima, alale, ale, kisha arudi kwenye hamsini na kupanda kwa zile sahani ndogo ambazo watu huzionea haya.

Ushauri ulikuwa mzuri. Sindano alisikia neno moja tu: arudi. Mtu aliyefumua nguo za watu maisha yake yote hakuwa tayari kufumuliwa yeye.

Basi akaanza ujinga wa siri. Mchana kaka mtu alipanda dukani kumsaidia mkewe na magodoro, akiacha mlango wa chini umerudishwa tu. Sindano akawa anafunga duka lake na kushuka peke yake, kila mchana, kisha jioni anarudi kama mwanafunzi mwema na kushindwa tena mbele ya watu. Usingizi ukamkimbia. Akafikia kumshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia. Alipougua mafua alienda vilevile.

Mpiga picha akapiga simu mchana, ikaita hadi ikakata. Baadaye Sindano akamwambia alikuwa kwa mteja, mama mmoja mwenye gauni gumu. Kesho yake tena gauni gumu. Siku ya tatu alipokea kwa bahati mbaya, pumzi zikimtoka kama mvukuto.

“Mbona unahema?”

“Napanda ngazi, kipenzi.”

“Duka lako halina ngazi,” akasema taratibu. “Msalimie mama wa gauni.” Na simu ikakatwa.

Hakupokea tena jioni ile, wala jimu hakufika. Kaka mtu alimtazama Sindano kwa jicho la mwalimu wa zamu aliyesikia mnong'ono bwenini. Na Sindano, badala ya kusema kweli kwa maneno machache ambayo yangemaliza kila kitu, aliamua jambo ambalo ni mwanaume aliyechoka tu angeweza kuliamua: kesho atainua sitini, kisha atapiga simu akiwa mshindi.

Mchana ule taa haikupepesa. Iliwaka tu, nyeupe, kama inatazama. Juu, redio ya dukani ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Sindano akavua shati, akalikunja vizuri, akaweka simu juu yake sakafuni. Akapanga sahani. Na hapa mikono yake ikafanya yenyewe kazi iliyoizoea maisha yote: fundi haachi uzi bila fundo. Akabana kibano cha kulia, akabana cha kushoto, akavijaribu kama vimekaza. Vilikaza.

Akajilaza. Chuma kikashuka kwa upole kabisa.

Akasukuma. Kikapanda kidogo, kikasita, kikarudi kulala. Akasukuma tena na mikono haikuwapo tena. Akainamisha upande wa kulia. Sahani zikalia kwa ndani, hazikuteleza. Hapo akavikumbuka vibano. Akajaribu kuita, sauti ikatoka nyembamba kama jina lake, na redio ikaimeza. Chuma kikabingirika kidogo kuelekea shingoni. Kisogo chake kilikandamizwa kwenye ule mshono alioushona mwenyewe, na akili, ambayo huchagua wakati mbaya, ikamwambia kwamba kweli alikuwa amepima jeneza.

Simu ikaanza kutetemeka juu ya shati. Akageuza macho tu. Jina lilikuwa “Laazizi”. Ikaita, ikakata. Kisha, ngazini, raba laini.

Mpiga picha alikuwa ametoka dukani kwa Sindano, akakuta limefungwa, na muuza vifungo wa jirani akamwonyesha fundi huelekea wapi kila mchana. Alikuwa amevaa gauni lake zuri la mistari, maana hakuna anayeenda kukutana na mwanamke mwingine akiwa na sare ya kazini. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima.

“Yuko wapi?” akasema kutoka mlangoni.

Sindano akashusha macho yake taratibu kuelekea chuma. Huyo ndiye alikuwa mama wa gauni.

Hakupiga kelele. Alivuka chumba, akafyatua kibano cha kulia, akasukuma. Sahani zikaanguka kwa kishindo kilichozima hata redio, chuma kikapinduka upande wa pili, na hewa ikarudi kifuani mwa Sindano kama mgeni aliyekosewa adabu. Ndipo dada yule akakaa sakafuni na gauni lake zuri.

“Nilimkuta kaka hivihivi,” alisema. “Vibano vimefungwa. Nilikuwa bado shule. Picha ya bega lake ndiyo eksirei ya kwanza kuiona maishani.”

Kaka mtu alikuwa ameshuka, amesimama kwenye ngazi ya mwisho, uso umempauka. “Ule ulikuwa utani,” alisema kwa sauti ndogo. “Utani tu, shemeji.”

Alasiri hiyohiyo Sindano alisimama mbele ya mashine hospitalini, kifua wazi, na mpenzi wake nyuma ya kioo kinene akiwa amevaa sare juu ya gauni. Akamwambia avute pumzi, aishike, asiseme neno. Mashine ikalia.

“Sasa sema.”

“Nikuoe?”

Nyuma ya kioo alikuwa akiitazama picha kwa muda mrefu kupita kawaida, na Sindano akahisi baridi ya sakafu ikimpanda miguuni.

“Mbavu nzima zote,” akasema mwishowe. “Kichwa sijapiga, naogopa kutokuta kitu. Jibu lako utalipata siku utakaporudi kwenye hamsini bila kununa.”

Akapumzika, na kupumzika ndiko kulikomtesa kuliko chuma. Akalala. Kisha akarudi kwenye hamsini mbele ya jimu nzima, jioni, zamu ya watu wengi, na akaisukuma kama anafungua dirisha. Hakununa. Mpiga picha, aliyesimama kichwani pake, akainama akamnong'oneza jibu sikioni, na nusura chuma kimlalie Sindano kwa mara ya pili.

Sahani ndogo zikafuata, mojamoja, bila haya. Jioni ilipofika ya sitini, taa ilirudia ugonjwa wake, na katika kila giza dogo Sindano aliona mikono miwili ya mpenzi wake, wazi chini ya chuma, haikigusi, inangoja. Kikashuka. Kikatulia kifuani, kikamsikiliza. Kisha kikapanda.

Jimu ikalipuka kwa vifijo. Kaka mtu akamkumbatia kwa lile bega lake bovu. Mchumba wake peke yake hakushangilia. Alikuwa akijitazama kiunoni kwenye kioo chenye ufa.

“Laazizi,” akasema, “sitini nilikuwa nazo wakati ule. Sasa hivi nina sitini na tatu.”

Taa ikazimika, ikawaka. Kaka mtu alikuwa tayari ameishika sahani ndogo.