Mstari wa Kumi na Mbili

"Nesi, mbona kwaya yako haikatizwi na watu wa kubeti?"

Mama Immakulata aliuliza hivyo siku moja, wakichambua maharage na jirani yake Odilia, nesi wa zahanati ya kijiji huko Murungu. Kwenye simu yake yeye, kila wimbo wa Bwana ulipokolea aliruka kijana akipiga kelele za mikeka na ushindi. Kwenye simu ya Odilia kwaya iliimba mpaka amina.

"Kuna fundi alinizibia matangazo," Odilia alijibu, wakaendelea na maharage.

Miezi miwili baadaye, Jumatatu asubuhi, picha ya ukurasa wa daftari la uzazi wa mpango ilitua kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Majina ya wanawake na tarehe za sindano, wazi kama matokeo ya mtihani ubaoni. Ilipofika adhuhuri mwanamke mmoja alishafukuzwa na mumewe, na Evaristi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alishamnyang'anya Odilia funguo. Ijumaa kikao kingeamua aondolewe.

Mkaguzi wa polisi Gharibu alikuja kutoka Kibondo, akamkuta Odilia nyumbani, daftari mapajani. Mtu wa Pangani, Kiha hakijui, lakini masikio anayo.

"Picha ulipiga wewe?"

"Ego, ndiyo, afande. Niliwatumia wilayani ripoti ya mwezi. Kompyuta yetu haina mtandao."

"Nani mwingine anashika simu yako?"

"Hakuna."

"Basi umejifunga mwenyewe."

"Najua. Lakini kwenye kundi sikutuma mimi."

"Nipe hilo daftari."

Odilia akalikumbatia. "Humu mna siri za watu. Utanipeleka mahabusu, lakini hili hulifungui."

Gharibu alimtazama. Mwenye hatia hukinga kichwa chake. Huyu alikuwa anakinga daftari.

"Sitaki jina la mtu. Lifunike kwa kitenge, unihesabie mistari tu."

Odilia akahesabu taratibu. "Kumi na mbili."

"Kwenye kundi ni kumi na moja. Picha imekatwa chini."

Odilia alilichungulia jina la mwisho, kisha akafumba mdomo.

"Sikuulizi ni nani," Gharibu alisema. "Ila aliyetuma anamwonea haya mwenye mstari huo."

Mama Immakulata, aliyekuwa amemletea nesi uji, alikohoa mlangoni.

"Baba, mimi niliishia la saba. Lakini hebu niambie. Mtu anayeweza kuwazuia watu wa kubeti wasiingie kwenye simu, yeye mwenyewe si ameshaingia?"

Gharibu akageuka. "Rudia, mama."

Akasimuliwa habari ya kwaya. Mkaguzi alifungua simu ya Odilia, akaipata programu ya kuzuia matangazo. Akasoma ruhusa iliyopewa: picha, ujumbe, kipaza sauti.

"Kuzuia matangazo, picha zako za nini? Fundi ni nani?"

"Ildefonsi, wa stendi ya Kasulu. Nilikwenda semina, akaniita mwenyewe. Akasema kwa nesi wetu ni bure."

Jumatano Gharibu alikuwa Kasulu na hati ya upekuzi. Kibanda kilikuwa na bango: TUNAZUIA MATANGAZO. TUNAFUNGUA MITANDAO ILIYOFUNGWA.

"Karibu, afande!" Ildefonsi alichangamka. "Nawe simu inakusumbua?"

"Inanisumbua. Ila leo nimefuata yako."

Chini ya sanduku la vifaa ilipatikana laini iliyotuma picha. Mtaalamu wa makosa ya mtandao alikesha na simu ya Ildefonsi siku mbili, akatoa vielelezo.

Ijumaa asubuhi, kituo cha Kibondo. Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha, kwa hiyo mlango uliachwa wazi. Kwenye benchi la nje walikaa Odilia na Evaristi.

"Laini hii ni ya nani?" Gharibu alimuuliza Ildefonsi.

"Wateja huacha laini zao, afande. Na siku hizi watu wanapitia VPN. Nani atajua nani katuma nini?"

"Njia uliificha vizuri. Aibu yako ndiyo hukuificha." Gharibu akaweka picha mbili mezani. "Hii ya kundini, mistari kumi na mmoja. Hii ya ndani ya simu yako, kumi na miwili. Mbona huyu mmoja ulimhurumia?"

Ildefonsi akainamisha kichwa.

"Ni mke wangu."

"Endelea."

"Mimi niko Kasulu, Murungu narudi Jumamosi. Miaka minne nangoja mtoto wa pili. Nikamuuliza nesi, akanijibu eti siri ya mgonjwa. Mimi, mume! Nikaingia kwenye simu yake nijionee. Nikakuta sindano, kila miezi mitatu. Nikasema, nesi huyu ataondoka Murungu."

"Na wale kumi na mmoja walikukosea nini?"

Ildefonsi akazisukuma picha mbali naye.

"Nimekuuliza."

"Hawakunikosea. Jina la mke wangu nililikata, wenzangu wasije wakanicheka."

Kule nje Evaristi aliinuka. Akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi Odilia kwa mikono miwili.

"Tulihukumu kabla ya kuuliza, nesi. Nitayasema haya mbele ya kikao, na kwa yule aliyemfukuza mkewe nitakwenda mwenyewe."

"Twende basi," Odilia alisema, machozi yakimtoka. "Leo ni siku ya kliniki."

Uani wanawake wa Murungu, waliokuja na lori la Fuso, walipasua vigelegele. Mama Immakulata akaanzisha pambio la kumshukuru Mungu, wakaliimba mpaka amina, bila mtu wa kubeti.

Vestina, mke wa Ildefonsi, hakuimba. Alikuwa amemletea mumewe chakula bila kujua kosa lake, na tangu neno "mke wangu" alikuwa amesimama kwenye kizingiti na bakuli mkononi.

"Mama Ininahazwe," Ildefonsi alimwita. "Jina lako nililificha. Mungu shahidi, la kwako peke yake nililificha."

Vestina aliingia. Akazitazama zile picha mbili, akahesabu kwa kidole mistari kumi na mmoja ya wenzake, mmoja mmoja. Akaweka bakuli mezani, akakaza kitenge kiunoni, akatoka uani kwa wenzake.