Sharti la Wahida

Kila alasiri ya Ramadhani, Wahida alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na bibi yake, Bibi Alima, akimenya muhogo. Zamani wangekuwa na samaki pia. Lakini tangu familia za kijiji chao zilipohamishwa kupisha mradi wa gesi na kuletwa hapa Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, bahari imekuwa mbali na samaki ni wa bahati. Muhogo ukiiva, bakuli la kwanza Bibi alilipakua kwa ajili ya majirani.

"Wapelekee Amélia na mama yake kabla hakujaadhiniwa," alisema.

Amélia alisoma darasa moja na Wahida. Yeye na mama yake walikuwa Wakristo kutoka Awasse, waliofika mwaka jana wakikimbia vita, hawana hata sufuria. Sasa mama alikuwa mgonjwa, homa haimwachi, na bakuli hilo ndilo lililokuwa chakula chao cha siku nzima.

Wahida huyu alikuwa na moyo mzuri, lakini pupa yake, Mungu amsaidie! Siku hiyo mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amewaambia kwamba anayemvuta mtu kwenye dini hupata thawabu nyingi. Basi njia nzima Wahida alikuwa akiziwaza hizo thawabu. Tena alimpenda Amélia, akataka waingie peponi pamoja. Alipofika mlangoni, akalirudisha bakuli nyuma.

"Leo utamke shahada kwanza," alisema. "Nitakufundisha. Ukimaliza nakupa."

"Wahida, usinitanie. Mama hajala tangu jana."

"Sitanii. Ni maneno machache tu."

Amélia akatazama bakuli, akatazama ndani alikolala mama yake. Midomo ikaanza kumtetemeka. Aliyarudia maneno moja moja, akapokea bakuli, akafunga mlango. Wahida akarudi nyumbani akirukaruka.

Kesho yake alipiga hodi, hakuitikiwa. Akaacha chakula kizingitini. Asubuhi alikikuta vilevile, kimejaa sisimizi. Amélia hakuonekana shuleni. Siku ya pili mambo yakawa hayohayo, na ndani mama akisikika akikohoa, sauti imemwisha. Hapo Wahida akaingiwa na hofu. Mgonjwa atakufa kwa njaa, na sababu ni yeye!

Bibi alipoona bakuli limerudi limejaa tena, akauliza, "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Wahida akaeleza yote, akingoja kupigwa. Bibi hakuinua mkono. Alikaa mkekani akashika kichwa.

"Unajua baba yake Amélia alipotelea wapi?"

"Hapana, Bibi."

"Watu wenye bunduki waliingia kwao. Wakawapanga watu uwanjani, wakawaamrisha watamke shahada, hayohayo maneno uliyomtoza rafiki yako. Baba yake aliyatamka huku akitetemeka. Wakaondoka naye tu, na hajaonekana mpaka leo. Mtoto alikuwa akitazama."

Wahida akaangua kilio. "Lakini mimi sikuwa na bunduki, Bibi!"

"Ulikuwa na bakuli. Na mtu mwenye njaa analiogopa vilevile."

Wakaenda pamoja. Bibi alipiga hodi mara nne ndipo Amélia akafungua, macho yamemvimba.

"Nimekosa, Amélia," Wahida alisema. "Chakula ni chenu. Sikupaswa kukuwekea sharti. Nisamehe."

"Nilimwambia Mama nimemuuza Mungu wetu kwa muhogo," Amélia akajibu. "Tangu hapo amekataa kula."

Bibi akaingia, akapiga magoti kando ya mgonjwa. "Mama Amélia, hapa hakuna kilichouzwa. Maneno ya kulazimishwa hayana uzito mbele ya Mungu, kwenu wala kwetu. Kula, mwanangu, upate nguvu."

Mgonjwa akafungua kinywa. Alikula vijiko vitatu, machozi yakimtiririka.

Baada ya wiki moja homa ilishuka, lakini urafiki haukurudi upesi hivyo. Kila siku Wahida alipeleka futari, akasalimu, akaondoka. Amélia aliitikia salamu basi, hakuongeza neno. Iliuma jamani, iliuma sana! Wahida akavumilia.

Idi ilipokaribia, Amélia alimzuia mlangoni. "Hivi mnashindaje bila maji, na jua lote hili?"

Maneno yote ya chuoni yalimjaa Wahida kinywani. Akayameza.

"Kiu naisikia," alisema. "Lakini nikiisikia namkumbuka Mungu, na wasio na kitu."

Amélia akaketi kizingitini. Kisha akasimulia jinsi anavyomwombea baba yake kila siku, kwa sala aliyofundishwa na baba mwenyewe. Wahida akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

Aliporudi, akamwambia Bibi, "Nimemjibu alichouliza tu, sikuongeza kitu. Nimekosa thawabu?"

Bibi akamvuta karibu. "Imani yako mweleze mtu anapotaka kusikia, na yeye akisema ya kwake umsikilize. Na asipotaka kusikia kamwe, Wahida, njaa yake ni ileile. Kesho utampelekea muhogo."