Sikuoga, Nilitawadha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hafswa alivaa mfuko wa nailoni mkono wa kulia, akaufunga kwa mpira, ndipo akaoga. Mkono huo ulikuwa na plasta tangu alipoanguka akicheza mchezo wa kati na kuvunjika kifundo cha mkono. Daktari Beryl aliuvuta mfupa ukakaa sawa, akaufunga plasta, akasema hapana haja ya upasuaji. Sharti lilikuwa moja tu: asioge nayo ikalowa, mfupa usije ukaenda upande.

Hafswa alilishika sharti hilo barabara. Pale kwao Msambweni yeye ndiye aliyechora hina vizuri kuliko wenzake, na harusi ya dada yake Tumu ilikuwa baada ya miezi mitatu. Mkono ukipinda, asingechora hata ua moja.

Siku ya tisa plasta ikawa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Hafswa aliogopa kuitwa mkaidi, akavaa sweta kuificha na joto lote lile. Lakini kufika adhuhuri kifundo kiliuma na kucheza ndani. Akaona heri agombwe, akamweleza mamake, wakaenda hospitali.

"Nilikwambia usioge nayo," Daktari Beryl alisema akiikata plasta.

"Wallahi sikuoga nayo, daktari. Nafunga mfuko kila siku."

Mamake alimtazama, kisha akauliza polepole, "Na ukitawadha je, mwanangu?"

"Kutawadha natawadha," Hafswa alijibu. Mara tano kwa siku alikuwa akiutia mkono ule maji, kwani alikatazwa kuoga, hakukatazwa kutawadha. Daktari alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Alikiri kwamba kosa ni lake pia, maana alidhani neno moja linatosha kwa maji yote. Naye mama aliahidi kuwa Ustadhi Luqman, mwalimu wa madrasa, atamfundisha bintiye ruhusa aliyopewa mgonjwa, ya kupangusa tu juu ya plasta badala ya kuitia maji.

Eksrei ilionyesha mfupa haujasogea. Daktari alifunga plasta mpya.

"Plasta kulowa si neno, nabadilisha," alimwambia Hafswa. "Ungelificha wiki nzima, leo tungekuwa tunapanga upasuaji. Kusema mapema ndiko kulikouokoa mkono wako."

Siku ya harusi, plasta ikiwa imeshaondolewa, Hafswa alimchora Tumu mikono yote miwili. Daktari Beryl, aliyealikwa, akanyoosha kiganja chake.

"Nami nichore. Ila niambie vizuri, nisioge au nisitawadhe?"

"Usiguse maji yoyote, daktari," Hafswa alijibu.