Walizika Yago Ndani ya Suti Yangu

Naapa kwa mifupa ya mama yangu na kwa pensheni yangu ya reli: haya ni kweli tupu! Anayebisha aje Asembo, nimwonyeshe shimo lilipokuwa.

Nilifika nyumbani saa nane mchana... nikasikia jina langu kwenye spika.

"Tumekusanyika kumzika mzee wetu, Okello..."

Wewe! Nywele zilinisimama!

Nikajibanza nyuma ya migomba. Kaburi limechimbwa. Jeneza liko wazi. Ndani hakuna mtu...

Kuna yago!

Lile tunda refu, zito kama paja la mtu, ambalo sisi watu wa ziwa tunazika badala ya aliyemezwa na maji. Na wamelivisha suti yangu ya kijivu!

Jamani, mnajua maana yake? Yago likishafukiwa, wewe umekufa. Mkeo ni mjane. Ukirudi, boma halikujui tena.

Mke wangu Beldina alikuwa amekaa chini, halii. Machozi yalikuwa yameisha. Yale macho... sitaki kuyakumbuka.

Pasta Joram akainua mkono. Ana sheria yake moja: pale mwili usipopatikana, lazima aulize mara tatu kabla ya udongo.

"Kuna aliyemwona Okello akiwa hai?"

Kimya.

"Kuna aliyemwona?"

Upepo wa ziwa ukapiga turubai... paa!

"Kwa mara ya mwisho..."

"MIMI!" nikaruka. "Nimemwona! Ndiye mimi!"

Watu walitawanyika! Mama mmoja alipenya ua wa miiba kama pazia. Mchimba kaburi aliruka ndani ya kaburi mwenyewe.

Beldina peke yake hakusogea.

"Baba Akello?" akaniita kwa jina la binti yetu.

"Ndiyo, ni mimi, mama."

"Siku kumi na moja... ulikuwa wapi?"

Nikasimulia. Kiboko, wapendwa! Alipindua mtumbwi wangu, akanibeba mgongoni hadi kisiwa kisicho na jina, nikaishi kwa mayai ya mamba! Wazee wakarudi mmoja mmoja, wakaanza kupiga makofi.

Pasta hakupiga. Alikuwa anatazama miguu yangu.

"Jaduong', mzee wangu, huko kisiwani kuna mtu wa kung'arisha viatu?"

Kabla sijajibu, mtu akakohoa. Mehul, yule wa kukodisha hema na viti pale sokoni Otonglo.

"Pasta, samahani. Huyu mzee alikuja dukani kwangu jana. Aliuliza mazishi ya Okello wamechukua hema ya ukubwa gani. Nikamwambia ya watu mia mbili. Akasema, 'Ongeza nyingine. Huyo alikuwa mtu wa watu.'"

Yawa, nimekwisha!

Sawa. Mtumbwi niliusukuma mtupu ziwani kwa mikono yangu. Nilikuwa kwa rafiki yangu Wabwire, Otonglo, nakula samaki. Nilitaka tu kusikia watu watasema nini nikifa. Nani hataki?

Nikacheka kidogo, ili wacheke.

Hakuna aliyecheka. Beldina aliinuka, akaingia nyumbani, akafunga mlango kwa ndani.

Wazee walinitoza fahali wangu, akachinjwa pale pale kulisha waombolezaji. Nikadhani yameisha.

"Hiyo ni adhabu ya wazee," pasta akasema polepole. "Bado yangu. Unajua kazi ya pasta iliyo nzito kuliko zote?"

"Kuhubiri?"

"Kupiga hodi. Ziwa likichukua mtu, mimi ndiye ninayepeleka habari. Kwa Beldina nilipeleka uongo wako, kwa mdomo wangu huu. Nilimshika asianguke. Kuanzia leo, hodi unapiga wewe."

Nilifikiri ananitisha tu.

Jumanne iliyofuata akanipitia. Tukaenda Kaloleni. Kijana mmoja alikuwa amezama, na huyu hakuwa kwa Wabwire.

Nikapiga hodi.

Mama yake akafungua, mikono imejaa unga. Akanitazama. Akatazama Biblia kwapani mwa pasta. Akaketi chini pale mlangoni, kabla sijafungua mdomo.

"Mwambie," pasta akaninong'oneza.

Ndugu zangu, kifo hakiazimwi. Mimi mwenye maneno ya kujaza soko zima... nilitafuta moja tu la kumpa yule mama.

Nikakosa.