Baba Aenda Kliniki

Kila siku kabla ya shule, Chiriku aliteka maji, akawavisha wadogo zake watatu, kisha akambembeleza kitinda mimba mpaka alale. Jina hilo la utani, Chiriku, alipewa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizi, hata hivyo, alikuwa akisinzia darasani. Mama yake hakuwa amerudiwa na nguvu tangu ajifungue, na kliniki walikuwa wamemwonya asishike mimba nyingine mapema.

"Waliniambia niende na baba yako tushauriwe pamoja," mama alimweleza. "Lakini yeye anasema hayo ni mambo ya wanawake."

Asubuhi moja mama alizimia bombani. Majirani wakamwinua na kumpeleka kliniki. Chiriku alimkabidhi bibi mtoto, akatoka mbio hadi karakana ambako baba yake alikuwa akichomelea mageti.

"Baba, mama ameanguka! Amepelekwa kliniki. Twende!"

Baba alivua miwani ya kuchomelea. "Pole, mwanangu. Tangulia na bibi yako, nitakuja jioni."

"Siondoki bila wewe, baba. Muuguzi alitaka mwende nyote wawili, mshauriwe kuhusu uzazi wa mpango."

Fundi mwenzake, aliyeitwa Redio kwa kutangaza kila alilosikia, aliangua kicheko. "Usithubutu, ndugu yangu! Mwanaume akifuata mambo hayo, nguvu zake kwaheri!"

Masikio ya Chiriku yaliwaka moto kwa aibu, lakini hakurudi nyuma. "Mama ndiye anayeishiwa nguvu, baba. Za kwake je?"

Baba akazima mashine.

Kliniki, baba alikaa na Chiriku ukingoni mwa benchi katikati ya akina mama, akitazama viatu vyake. Muuguzi, mwanamume wa makamo, alimsikiliza Chiriku akisimulia bila kituo alivyomleta baba, kisha akawaita kando ya kitanda cha mama.

"Damu yake imepungua sana," alisema. "Akishika mimba sasa, maisha yake yatakuwa hatarini."

Baba alimsogelea muuguzi. "Ni kweli njia hizo zinammaliza mwanaume nguvu?"

"Hapana, huo ni uvumi wa vijiweni. Kondomu, kwa mfano, huvaliwa na mwanaume mwenyewe, wala haimpunguzii nguvu. Zipo pia njia za akina mama, na mama atachagua inayomfaa. Uliza usichokijua."

Baba aliuliza, akauliza tena, mpaka muuguzi akacheka. "Sasa najua binti huyu amerithi wapi mdomo!"

Wazazi wakakubaliana baba atumie kondomu huku mama akitibiwa na kuchagua njia yake. Tangu siku hiyo baba ndiye aliyeteka maji alfajiri. Mashavu ya mama yakaanza kujaa, na Chiriku akaacha kusinzia darasani.

"Vipi, nguvu bado zipo?" Redio alimtania baba siku moja karakana.

"Shika huku tunyanyue hili geti, utajionea."

Walipolitua, Redio alikuwa akihema. Akamsogelea baba, akanong'ona, "Hiyo kliniki hufunguliwa saa ngapi?"

Jioni hiyo baba alimwambia binti yake, "Niliona fahari kutojua, mwanangu, na fahari hiyo nusura imuue mama yako. Kulea ni kwa wawili, na kupanga uzazi pia ni kwa wawili. Mwanaume wa kweli huuliza wanaojua."